Mwacheni Ale

Siku yangu ya kwanza kazini nilifokewa kabla sijaweka kikapu chini. Ilikuwa mwaka wa hamsini na tisa, hapa Karatu, ukungu umeikalia barabara ya Ngorongoro hata duka la jirani huwezi kuliona. Nilikuwa binti wa Kimbulu, nimetoka mafunzoni na cheti changu cha ukunga, miguuni viatu vipya vinanifinya. Sista Mkuu wa kituo, Mzungu mrefu mwenye sauti nzito, alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye hivyo viatu. Akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Mimi naomba mkunga. Wao naleta mtoto ya shule." Nikamjibu, "Mtoto huyu ameshazalisha, Sista." Wenzangu wakashika midomo. Tangu siku hiyo nikapewa sifa ya kuwa na mdomo, na sijaipoteza mpaka leo, namshukuru Mungu.

Siku hiyohiyo, kwenye benchi la wajawazito, mama mmoja kutoka kambi ya shamba la kahawa alipiga yowe, akaanguka chini ameushika mguu. Shavu la mguu lilikuwa gumu kama jiwe. Mimi nikakimbilia kulikanda kwa nguvu zangu zote. Sista Mkuu akanisukuma pembeni. Alimnyoosha goti, akavisukuma vidole vya mguu kurudi nyuma kuelekea kwenye muundi, taratibu, mpaka msuli ukalegea na mama akaanza kupumua.

"Sasa muulize nakula nini," akaniambia.

"Sista, huyu analia mguu, siyo tumbo."

"Ndiyo. Muulize."

Nikamuuliza. Alikuwa akila ugali wa sembe nyeupe na chai ya rangi. Maharage yakipatikana humwachia mumewe, maana ndiye anayekwenda kulima. Hapo ndipo nilipofundishwa kazi yangu hasa. Mtoto aliye tumboni hajui kama mama yake anacho au hana. Yeye anachukua tu. Anachukua madini ya chokaa, yanayoitwa kalsiamu, ajengee mifupa yake, na anachukua madini ya chuma atengenezee damu. Mama asipokula vya kurudisha, misuli inamkaza, anachoka, wengine wanaanza kutafuna udongo wa kichuguu kwa siri. Ukifunua ukope wa chini unakuta ndani kumepauka, hakuna wekundu. Huyo damu imepungua.

Lakini msidhani tulikuwa tunabahatisha, kila mguu unaobana tunautupia kidonge. Mwingine amebeba maji kutoka bondeni tangu alfajiri, anahitaji kupumzika tu. Mwingine ameharisha, maji na chumvi vimemtoka. Ndiyo maana Sista Mkuu alikuwa mkali kuhusu kuuliza. Kidonge cha chokaa alikitoa mwisho, baada ya kumaliza habari za sufuria.

Habari za sufuria zilikuwa ngumu kuliko uzazi wenyewe, jamani. Wanawake wa kutoka Singida na Dodoma, waliofuata waume zao mashambani, walijua kupika mlenda na majani ya porini ambayo yangewasaidia sana. Wakifika Karatu wanaacha, wanaona haya, wanasema ni chakula cha njaa. Niliwagombeza mpaka sauti ikakauka. Wengine wakanisikia, wengine wakanicheka. Na sisi Wambulu je? Ulezi tulikuwa nao, maziwa tulikuwa nayo, lakini dagaa tuliwaona ni wadudu. Mwenye duka mmoja, mzee wa Kiislamu aliyewaleta dagaa kwa magunia kutoka ziwani, alinitania kila nikipita: "Nesi, wewe ndiye Mmbulu wangu wa kwanza. Ukila na vichwa nitakupunguzia bei." Nikawala na vichwa, mbele ya akina mama, macho nimeyafumba. Walicheka hadi wakalia machozi, lakini wiki iliyofuata wawili walininong'oneza kwamba wamejaribu.

Uhuru ulipokuja Sista Mkuu akarudi kwao. Kituo kikapokelewa na Bwana Mganga, Mwafrika mwenzetu, kijana msomi, suruali yake imepigwa pasi mpaka mstari unakata. Nilishangilia kweli. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alijua dawa, hakupenda rushwa, na mgonjwa alimwita mama au baba hata akiwa amevaa matambara. Tatizo lake lilikuwa moja: aliwaogopa wakubwa. Akisikia mgeni anakuja kutoka mkoani, mawe ya njiani yanapakwa chokaa na sisi wote tunakoma kuwa wauguzi, tunakuwa wafagizi.

Yeye ndiye aliyenipanga kwenye kliniki ya gari. Tulipakia mizani, dawa na meza ya kukunja kwenye Landrova, tunapanda mpaka ukingo wa kreta, tunateremka upande wa pili kwenye maboma ya Wamasai. Dereva alikuwa Ramadhani, Mrangi wa Kondoa, aliyekulia huko kwenye biashara ya ng'ombe na Kimasai anakimwaga kama maji. Tulikwenda sehemu zilezile kila baada ya wiki mbili, mvua isipotukatia njia.

Huko ndiko nilikomkuta Naserian. Alikuwa msichana mwembamba mwenye mimba yake ya kwanza, miezi saba hivi. Alikuja kupimwa ameshikiliwa na mama mkwe wake, mama wa makamo ambaye kila mtu alimwita Mama Lemayian, kwa jina la mwanawe, mume wa Naserian. Nilipoufunga ule mkanda wa kupimia shinikizo la damu na kuujaza upepo, vidole vya Naserian vikaanza kujikunja vyenyewe, kidole gumba kimeingia ndani ya kiganja. Hakuweza kuvifungua. Sista Mkuu alikuwa ametufundisha alama hiyo: kalsiamu ya damuni imeshuka mno, na akiachwa hivyo anaweza kupata degedege siku ya uchungu. Nilimpiga sindano ya kalsiamu ya mshipani, ile inayoingizwa polepole sana ukiwa unahesabu mapigo ya moyo, mpaka vidole vikafunguka. Nikampa vidonge vya chokaa na vya chuma. Nikamwambia anywe maziwa, asiyaache.

Tuliporudi, Naserian alikuwa amekonda zaidi, na miguu inambana kiasi cha kumwangusha njiani akienda kuchota maji. Nikauliza vidonge. Mama Lemayian akajibu kwa Kiswahili chake cha mnadani, bila wasiwasi kabisa, "Iko. Mimi napatia ndama."

"Ndama?"

"Ndama alikuwa nashindwa kusimama. Mguu nalegea. Wewe nasema dawa ya mfupa. Mimi nasaga, nachanganya na magadi, nampa." Akanyoosha kidole. "Ona! Nasimama. Dawa yako mzuri sana."

Na kweli ndama alikuwa amesimama, anatikisa mkia. Ramadhani aligeukia upande wa gari mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Mimi damu ilinichemka. Nikamwambia, "Yaani ndama unampa madini asimame, mkwe wako unamnyima?"

"Ndama imekwisha kuzaliwa," akasema Mama Lemayian.

Basi hapo kicheko cha Ramadhani kikakatika. Mama yule aliendelea kwa Kimasai, haraka na kwa hasira, na Ramadhani akawa ananitafsiria. Desturi yao ilikuwa hivi: mimba ikifika miezi ya mwisho, mwanamke anapunguziwa chakula. Maziwa mazito anakatazwa, anapewa ya kuchanganya na maji, anapewa supu ya magome machungu ya miti, na mara nyingine anatapishwa. Nia ni mtoto azaliwe mdogo apite. "Dada yangu alikula vizuri," alisema. "Mtoto akawa mkubwa, akakwama. Tulimwangalia anakufa, hatukuwa na la kufanya. Huyu nesi anasema mwacheni ale. Mwulize, mtoto akikwama atakuja yeye kumtoa? Gari lao linapita hapa kupima watu uzito, halafu linaondoka."

Hakuwa mjinga yule mama, wala hakuwa na roho mbaya. Hospitali yenye chumba cha upasuaji ilikuwa mbali ng'ambo ya Karatu, na huko bomani hakukuwa na simu wala njia ya kutuita. Lakini nilimtazama Naserian amekaa chini anajikanda miguu, hasemi neno, na nilijua akiendelea kufungishwa njaa hivi hatafika hata huko kwenye kukwama. Nikasema kabla sijafikiri vizuri: "Mwacheni ale. Mwezi wa mwisho mlete Karatu akae nyumbani kwangu. Akikwama, gari litampeleka hospitali. Mimi mwenyewe nitampeleka."

Mama Lemayian alinikazia macho. "Wewe naapa?"

"Naapa."

"Basi mimi nakuja pia. Na maziwa yangu. Ile ya Karatu wanaweka maji."

Nilidhani anatania. Mwezi ulipofika, nilikuwa naanika kanga uani kwangu kwenye nyumba za watumishi nikasikia kengele. Nikainua macho: Mama Lemayian ametangulia, Naserian nyuma yake na tumbo lake, na nyuma yao ng'ombe mwenye maziwa pamoja na ndama yuleyule aliyekula vidonge. Walikuwa wametembea, wakipumzika kwa jamaa zao njiani. Majirani wakatoka milangoni. Ng'ombe akafungwa kwenye nguzo yangu ya kamba ya nguo.

Ule mwezi nauona mpaka leo. Asubuhi Naserian anakunywa maziwa mazito, mchana uji wa ulezi ambao nilimpikia mwenyewe, jioni mnavu uliopikwa na siagi pamoja na supu ya mifupa. Vidonge vya chuma alimeza mbele yangu. Dagaa alikataa katakata, nikamwachia hilo. Ndani ya wiki mbili miguu iliacha kumbana, mashavu yakajaa, na akaanza kuzungumza. Kumbe alikuwa mcheshi! Aliniigiza ninavyotembea nikiwa na hasira. Mama mkwe wake alikuwa anacheka, halafu anaangalia lile tumbo, kicheko kinakoma.

Bwana Mganga alivumilia wiki tatu, kisha akaniita ofisini.

"Nesi Basilisa, una ng'ombe kwenye nyumba ya serikali."

"Ndiyo, Bwana Mganga."

"Atoke leo. Na hao wageni pia, hapa si nyumba ya wageni. Mkaguzi kutoka mkoani anakuja wiki hii. Akikuta kinyesi cha ng'ombe kwenye nyumba za wauguzi nitamwambia nini?"

"Mwambie ni dawa. Stoo yetu vidonge vya chokaa vimekwisha, nimeomba mara tatu. Ng'ombe hajawahi kuisha."

"Mimi ni mkubwa wako, nesi."

"Najua. Nimewaheshimu wakubwa kabla yako na wewe nakuheshimu. Ng'ombe hatoki."

Nilitoka nje nikiiwaza barua ya kufukuzwa, sitawadanganya. Mshahara ule ulikuwa unamsomesha mdogo wangu. Lakini nilikuwa nimemwapia mama wa watu, na yeye kwa ajili ya neno langu alikuwa ameivunja desturi ya mama yake na bibi yake. Kama Naserian angekufa nyumbani kwangu akiwa amenenepa kwa uji wangu, ni mwanamke gani tena kule juu angekubali kula? Na angekuwa na haki asikubali.

Uchungu ulimwanza siku ileile ya mkaguzi. Asubuhi kila kitu kilikwenda sawa. Kufika saa sita, njia imefunguka kabisa lakini kichwa hakishuki. Nilipima, nikasubiri, nikapima tena. Mtoto alikuwa mkubwa, kichwa kimeelekea vibaya, na mapigo yake niliyoyasikiliza kwa kile chombo cha mkunga cha mbao yalianza kupungua. Mama Lemayian alisimama mlangoni akinitazama usoni, na alijua.

Nikakimbilia kwenye gari. Ramadhani alikuwa usukani, gari limeoshwa linang'aa, na Bwana Mganga anafungua mlango. Walikuwa wanakwenda kumpokea mkaguzi kwenye stendi ya mabasi.

"Naserian amekwama," nikasema. "Gari linakwenda hospitali."

"Nikimleta mkaguzi, gari likirudi utalichukua. Si muda mrefu."

"Hana muda huo."

"Nesi, ondoka njiani."

Nikasimama mbele ya boneti. Nikaweka mikono yangu miwili juu yake, ya moto ile. "Ramadhani," nikasema, "endesha gari unipite juu." Ramadhani alizima injini, akashuka na ufunguo, akauweka kwenye boneti mbele yangu. Akasema kwa upole, "Bwana Mganga, nisamehe. Nilikuwapo siku nesi alipoapa."

Bwana Mganga alitutazama, akatazama mlango wa chumba cha uzazi. Mama Lemayian alikuwa amesimama pale bado. Akafunga mlango wa gari bila kuubamiza. "Mpakieni," akasema. "Mkaguzi nitamfuata kwa miguu." Na alikwenda kwa miguu, na suruali yake ile, kwenye vumbi. Hilo namheshimu nalo mpaka kesho.

Naserian alipasuliwa alasiri ileile. Mtoto alikuwa wa kiume, mnene, alitoka kimya, wakamsugua mgongo mpaka akalia. Daktari wa upasuaji alitutolea kauli moja inayonituliza hata leo: mama alikuwa na damu ya kutosha ndiyo maana ameistahimili operesheni. Ile damu ilitoka kwenye sufuria yangu na kwenye chuchu za ng'ombe yule.

Nilimpelekea Mama Lemayian habari nje kwenye nyasi za hospitali alipokaa. Nilitegemea atanishukuru, kusema kweli nilikuwa nazitaka hizo shukrani. Alifunika uso kwa shuka, akalia kidogo, akajipangusa. Kisha akasema, "Sasa mimi narudi bomani. Wanawake nauliza, wale au wasile? Gari ni moja. Wewe ni mmoja. Siku wewe hapana, nani nasimama mbele ya gari?"

Jibu lilikuja lenyewe baada ya miezi michache, nilipopewa uhamisho wa kwenda wilaya nyingine kwa sababu ya utovu wa nidhamu. Nilikuwa nafunga mizigo, Ramadhani yuko nje ananisubiri anipeleke stendi, nikasikia kengele tena. Mama Lemayian na ng'ombe wake. Nyuma yake wanawake wawili wajawazito, nisiowajua, mmoja anachechemea kwa misuli kumbana. Akaona masanduku. Aliwasimamisha wale wanawake uani, akasubiri nitasema nini.

Nikamwambia Ramadhani, "Shusha hayo masanduku."

Bwana Mganga alikuja jioni. Nilijua anakuja kunifukuza, nikajitayarisha kwa maneno makali. Alimtazama ng'ombe, akawatazama wale wanawake wanakula uji, akakaa kwenye ngazi yangu na suruali yake. "Hawa wanazaa lini?" akauliza. Nikamwambia. Akasema, "Basi nitawaandikia wakubwa kwamba umeugua." Nikamwambia asiandike uongo, aandike kwamba nimekataa. Aliguna. Nadhani aliandika hivyo, maana cheo changu kilikwama hapohapo kwa miaka mingi, wenzangu wa darasa moja wakanipita na kuwa mamatroni. Nilihamishwa baadaye, baada ya wale wawili kuzaa salama, na wengine baada yao, na chumba kimoja cha kituo kikawa kimetengwa kwa ajili ya wanaosubiri kuzaa.

Nimefanya kazi kwingi tangu hapo. Siku hizi wauguzi vijana, wajukuu zangu hasa, wananiambia misuli ya mjamzito kubana si kalsiamu peke yake, kuna magnesiamu, na mara nyingine hakuna upungufu wowote. Sawa, someni, nasi tulisoma cha wakati wetu. Lakini nawaona mnavyompa mama kidonge dirishani bila kumtazama usoni. Hamumuulizi anakula nini, wala nani nyumbani anamkataza na kwa hofu gani. Hilo siwasamehe.

Siku ya kuniaga kazini waliniandalia shughuli, soda na pilau. Mkubwa mmoja kijana, ambaye hatujawahi kuonana, alisimama kusoma wasifu wangu. Akafika mahali akasema, "Mama yetu huyu alikuwa mtumishi mtiifu, asiyewahi kupinga maagizo ya wakubwa wake." Watu wakaanza kupiga makofi. Nikasimama, na miguu yangu hii ya uzee, nikanyoosha mkono mpaka makofi yakanyamaza.

"Mwanangu," nikamwambia, "hilo futa. Ningekuwa hivyo, kuna watu wangekuwa kaburini."